Likasi, Simama Uombe

Msiba ukitokea Kikula, jua halizami kabla daftari halijafunguliwa. Kiti kinawekwa karibu na lango, meza ndogo mbele yake, na mama mmoja mwenye macho makali anaanza kuandika: jina, kiasi, jina, kiasi. Jirani akijifanya anapita na haraka zake anaitwa kwa jina, mbele za watu, naye anasimama. Mama huyo haombi radhi. Haanzi kwa kusema anajua hali ni ngumu. Anajua marehemu ni nani, jeneza ni bei gani, wageni watakaotoka Kolwezi na Lubumbashi ni wangapi, watalala wapi na watakula nini. Matanga yakiisha, hesabu inasomwa kwa sauti na salio linakabidhiwa kwa familia, wote wakishuhudia.

Mchukue mama huyohuyo umpeleke ofisini kwa kampuni ya madini, safari hii akiwa mwenyekiti wa asbl, yaani chama kisichotafuta faida, inayosomesha watoto waliotolewa machimboni. Sauti inashuka. Anaketi kwenye ncha ya kiti kana kwamba kina mwenyewe anayerudi sasa hivi. Anazungumza dakika kumi juu ya umaskini wa nchi, anamtaja Mungu mara nyingi, na mwishowe anapoulizwa hasa anahitaji nini, anajibu: "Chochote mtakachoweza, Papa."

Chochote! Mwanamke anayejua bei ya jeneza mpaka msumari wa mwisho!

Nawaandikia ninyi, akina mama prezidanti na akina baba watunza hazina wa vyama vidogo vya Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe. Mnaofundisha wasichana kushona. Mnaolea yatima kwa unga wa kukopa. Mnaotembelea wagonjwa ambao hakuna mwingine anayewatembelea. Ujasiri wa kuomba mnao, tena wa kutosha. Mnachokosea ni kuuacha nje ya mlango wa ofisi, kama viatu vya matope.

Aibu hii haikuzaliwa pamoja nasi, ina historia. Mji huu ulijengwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wetu ukabeba jina la mkubwa mmoja wa Kibelgiji, Jean Jadot, mpaka ulipoitwa Likasi mwaka 1966. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoamua kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, mtu wa kambi hakuwa na haja ya kuomba. Nyumba alipewa. Posho alipimiwa. Shule na hospitali vilikuwapo. Gécamines, iliyozaliwa mwaka 1967 baada ya migodi kutaifishwa, iliendelea hivyohivyo, na watu wakasema kazi ni baba, kazi ni mama. Kisha baba akaugua. Miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka na mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hata kabla ya hapo, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshaandika kitabu kizima kuhusu wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Mtu aliyelelewa kwa kupimiwa hajifunzi kutaja kiasi. Hujifunza kupanga foleni na kungoja zamu. Lile jibu la "chochote" limetoka kwenye foleni hiyo, likarithiwa na watoto, na leo linaingia ofisini pamoja nasi. Basi tulijue lilikotoka, tuliache huko.

Tena kuna jambo linalonichekesha. Tunaona haya kuomba, sisi watu wa mahali ambapo mawe yake yameombwa na wakubwa wa dunia! Mgodi wa Shinkolobwe uko kilomita kama 20 tu kutoka hapa. Septemba 1942, ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, aliingia ofisini kwa Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, jijini New York, kutafuta urani ya Shinkolobwe kwa ajili ya bomu la atomiki. Zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zilikuwa tayari ghalani Staten Island. Marekani ilikuwa vitani na ina shida kubwa, lakini ofisa wake hakuinamisha kichwa. Alijua anataka nini na ametumwa na nani, na kikao kimoja kikatosha kukubaliana. Yaliyofuata Hiroshima ni habari ya machozi, na waliochimba mawe yale hawakuulizwa neno. Sina haja ya kumsifu yeyote. Nasema tu kwamba mwenye shida anaweza kuketi sawasawa kwenye kiti.

Na siku hizi unaketi ukiwa na sheria nyuma yako. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa Machi 2018, na marekebisho hayo yanamhusu kila anayeongoza chama katika mji wa migodi. Kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa na mradi wake. Piga hesabu: ikiuza shaba ya dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Kuna pia cahier des charges, daftari la ahadi ambalo kampuni hukubaliana na wakazi: barabara, kisima, madarasa, kituo cha afya. Na katika mrabaha wa madini, asilimia 15 ni ya maeneo ya utawala ya mahali mgodi ulipo, yaani mji, komuni, sekta au usultani. ITIE, mpango wa uwazi wa sekta ya uziduaji, huchapisha ripoti za malipo ya makampuni, na kila mwananchi ana ruhusa ya kuzisoma.

Tusidanganyane: fedha hizo hazikuandikiwa asbl yako kwa jina. Zina vyombo vyake, vikao vyake na mivutano yake. Wala sikushauri uingie ofisini ukipunga kitabu cha sheria puani mwa mtu, maana wapo wanaofanya hivyo na wanapata walichokitafuta, yaani ugomvi. Lakini kujua tu kwamba maendeleo ya mtaa wako ni wajibu ulioandikwa kunabadilisha mgongo wako. Hukuja kuokota makombo. Umekuja na mpango mzuri wa kutekeleza jambo ambalo yule uliyemkabili anatakiwa alitekeleze, na pengine hajui aanzie wapi.

Hapo ndipo wengi hatufiki kwa mawazo: mfadhili naye ana shida zake. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia nzima. Tangu ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 kuhusu watoto na wachimbaji wadogo wa kobalti, watengenezaji wa betri na magari wanaulizwa maswali na wateja wao. Kuanzia mwaka 2019, BMW, BASF na Samsung zilichangia mradi wa pamoja huko Kolwezi, uliotekelezwa na shirika la Kijerumani la GIZ. Huruma inaweza kuwa ndani yake, sikatai. Lakini kampuni kama hizo zinahitaji kuonyesha kwamba kitu fulani kimefanyika kweli, mahali fulani, kwa watu fulani. Nani atawaambia ni mtaa upi watoto hawaendi shule msimu wa kiangazi? Nani anajua mama yupi ataleta binti yake darasani na yupi atamrudisha shambani baada ya wiki? Mhasibu wa BMW kule Munich hajui, wala hawezi kujua. Unajua wewe, na ujuzi huo unauleta mezani kama mali.

Utasema hayo ni ya watu wakubwa. Basi tazama waliotutangulia njia hiihii. Chini ya kilomita 200 kutoka Likasi, Kolwezi, Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya alianza kazi mwaka 2012 pamoja na masista wenzake wa Mchungaji Mwema. Hakuwa na mgodi, hakuwa na cheo serikalini. Alikuwa na watoto waliokuwa wakiosha mawe, na mpango wa kuwapeleka darasani huku mama zao wakitafutiwa njia nyingine ya kupata riziki. Mwaka 2019 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Opus, dola milioni 1.

Au Noëlla Coursaris Musunka, mzaliwa wa Lubumbashi, aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto mdogo baada ya kufiwa na baba. Alikulia huko, akawa mwanamitindo, na mwaka 2007 akaanzisha shirika la Malaika. Mwaka 2011 shule ya wasichana isiyotoza ada ilifunguliwa Kalebuka, nje kidogo ya Lubumbashi. Vikafuata visima, kisha kituo cha jamii kilichojengwa kwa msaada wa FIFA. Angalia mpangilio wake: kijiji kimoja, shule moja. Hakuzunguka dunia akiomba fedha za kuiokoa Kongo. Anayeomba fedha za kuiokoa Kongo hupewa pole na kikombe cha kahawa. Anayeomba darasa la saba la shule ya Kalebuka huulizwa linagharimu kiasi gani, na swali hilo ni nusu ya safari.

Na hayati Dikembe Mutombo, yule jitu la mpira wa kikapu aliyetutoka Septemba 2024. Hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilifunguliwa mwaka 2007 baada ya kugharimu dola milioni 29. Mamilioni mengi kati ya hayo yalitoka mfukoni mwake. Hakuwaomba wengine watoe huku yeye mwenyewe akikunja mikono.

Hapo kwa Mutombo tukae kidogo, maana mwenye cha kuonyesha haogopi kuulizwa, na nadhani ndipo kidonda chetu kilipo. Woga mwingi tunaouita unyenyekevu si unyenyekevu. Ni hofu ya swali moja: za mwaka jana zilikwenda wapi? Tunavyo vyama hapa mjini vya mkobani, ambavyo ofisi yake ni mkoba wa mwanzilishi, mtunza hazina ni shemeji yake, na mkutano mkuu hufanyika kwenye karatasi tu. Mwenye chama cha namna hiyo ana sababu ya kutetemeka, na mimi sitamtia moyo. Atetemeke. Lakini wewe uliyefanya kazi kweli, kwa nini utetemeke kama yeye? Kwa sababu hukuandika. Ulilipa ada ya watoto, hukuchukua risiti. Wanachama walichanga kila mwezi, hakuna daftari. Wasichana walimaliza kushona na leo wana meza zao sokoni, hukuwafuata kuhesabu ni wangapi. Ukweli wote unao kichwani, na kichwa hakifunguki mezani mwa mtu.

Kwa hiyo anza na karatasi. Sheria ya Julai 2001 ndiyo inayosimamia asbl nchini: kuwa na stati zilizosainiwa, fuatilia utambulisho wa kisheria hata kama njia ni ndefu na ina vituo vingi, fungua akaunti kwa jina la chama, yenye saini zaidi ya moja. Kisha daftari la michango ya wanachama, hata kama ni franga kidogo za wanawake ishirini. Usione haya kwa udogo wake. Huo mchango ndio ukurasa wa kwanza wa kumwonyesha mfadhili, kabla ya picha yoyote. Unamwambia: sisi tusio na kitu tumeamini jambo hili kiasi cha kulitolea. Na siku ya swali lile kubwa ikifika, unafungua ukurasa na kuuelekeza kwake. Mikono haitetemeki ikiwa na cha kuonyesha.

Kuhusu picha, neno moja. Acheni kupeleka picha za watoto wanaolia kwa kamasi. Mama wa mtoto yule yuko hai, anaishi Panda, na hapendi. Piga picha ya msichana akishika nguo aliyoikata mwenyewe, baada ya kumwomba ruhusa na kumwomba mzazi wake.

Sasa kuomba kwenyewe. Tuchukue mfano, namba ni za kubuni. Darasa la kushona, wasichana 20, miezi 9. Vyerehani, vitambaa, uzi, mwalimu, mkaa wa pasi, mtihani wa mwisho: jumla dola 5,000. Wanachama na wazazi wameshaweka 800. Unaingia ofisini, unasalimia kama tunavyosalimia, maana haraka ya kizungu haitufai na mwenyeji wako pengine ni mtoto wa Lubumbashi tu. Unauliza habari za kazi na unasikiliza jibu. Kisha unasema:

"Bwana Mkurugenzi, tuna wasichana 20 waliotoka kwenye kuosha mawe. Kwa miezi 9 watajifunza kushona, na kila mmoja ataondoka na cherehani chake. Kazi nzima ni dola 5,000. Sisi wenyewe tumeweka 800. Tumekuja kuwaomba 4,200 zilizobaki."

Halafu nyamaza.

Hapa wengi huanguka, hata wale walioanza vizuri. Kimya cha mkurugenzi kinatutisha. Anatazama karatasi, anakuna kidevu, na sisi tunaanza: lakini hata 2,000 si mbaya, hata 500 tutashukuru, hata vitambaa vya zamani. Muuza ndagala gani sokoni hushusha bei kabla mnunuzi hajafungua mdomo? Mwache afikiri. Pengine anapiga hesabu ya bajeti yake. Pengine anatafuta jina la mkubwa wa kumpigia simu. Ukivunja kimya hicho kwa punguzo, umemwambia kwamba namba yako ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na hata cherehani atakitilia shaka.

Akisema hapana? Atasema. Hapana ndilo jibu utakalolisikia zaidi, na watu waliokusanya mamilioni wamelisikia kuliko wewe. Tofauti iko kwenye kinachofuata. Usitoke na uso wa kufukuzwa. Muulize: je, ni kiasi, ni wakati, au ni aina ya kazi? Kama ni wakati, bajeti yenu hupangwa mwezi gani? Kama si ninyi, nani mnamfahamu anayegusa mambo haya? Hapana yenye majibu hayo matatu ina faida kuliko ile ndiyo ya mdomoni isiyokuwa na tarehe. Maana kuna na ile nyingine, "pitia kesho", ambayo hapa kwetu inaweza kudumu mwaka mzima. Dawa yake ni moja: kesho ya saa ngapi, na nimwone nani? Kisha ufike saa hiyohiyo, umevaa vilevile, na dosie ileile mkononi. Baada ya miezi mitatu, hata kama hawakutoa kitu, wapelekee karatasi moja ya habari za wale wasichana. Watashangaa. Hakuna anayewaandikia bila kuomba.

Na msiweke mayai yote kwa mfadhili mmoja, hasa wa mbali. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa misaada ya kibinadamu kwa Kongo kuliko nchi nyingine yoyote. Kuna vyama vilivyolala vikiwa na mishahara vikaamka havina. Leo waombaji ni wengi kuliko jana na milango ni michache, na nasikia watu wakisema basi tupumzike kwanza mpaka hali itulie. Hapana! Huu ndio wakati wa kuuliza nani yuko karibu. Mwenye duka la saruji. Daktari mstaafu. Parokia. Watoto wa Likasi walioko Brussels na Johannesburg, ambao kila mwezi wanatuma fedha za msiba na harusi na hawajawahi kuombwa hata mara moja kitu cha kudumu. Watu 30, kila mmoja dola 10 kwa mwezi kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ni dola 3,600 kwa mwaka. Fedha hizo zinakuja bila fomu ya kurasa 40, na hakuna rais wa nchi ya mbali anayeweza kuzifunga kwa saini moja. Tena ukienda kwa mfadhili mkubwa ukiwa na watu hao 30 nyuma yako, yeye ndiye atakayeketi vizuri.

Kikao chenu kijacho, basi, msikifunge kama kawaida. Mchagueni mwanachama mwenye maneno makali kuliko wote, yule anayewakera kila mara, mumkalishe upande wa pili wa meza awe mkurugenzi. Aulize yote: za mwaka jana zilikwenda wapi, kwa nini ninyi na si chama kingine, kwa nini 4,200 na si 1,000. Mwenyekiti ajibu kwa sauti, asimame, arudie mpaka namba itoke bila kukwama. Kila mmoja ajaribu, hata yule mama anayesema hajui kuongea. Kisha chagueni milango mitatu: mmoja wa mtu mnayemfahamu, mmoja wa kampuni, mmoja wa mbali. Waende watu wawili, mmoja aseme, mwingine aandike. Kabla ya sala ya kufunga, kwenye daftari liwepo jina la kila mlango, tarehe ya kwenda, kiasi kitakachotajwa, na jina la atakayebeba dosie.